Barua ya wazi kwa shangazi yangu anayedharau wanasesere

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Uliposema mbele ya ukoo mzima kwamba mtu mzima anayetazama wanasesere amekosa kazi, nilinyamaza kwa heshima. Lakini kwa kuwa ulilisema hadharani, naomba radhi nikujibu hadharani vilevile.

Vitu ninavyovistaajabia, nyumba za wanasesere za zamani, havikutengenezewa watoto. Katika karne ya 17, baadhi ya wanawake matajiri wa Uholanzi walikuwa wakiagiza makabati makubwa yaliyogawanywa vyumba vidogo, wakayajaza kila kilichomo katika nyumba ya watu wenye nafasi, kisha wakawaonyesha wageni. Lililo mashuhuri zaidi ni la Petronella Oortman wa Amsterdam, mke wa mfanyabiashara wa hariri, lililoandaliwa kati ya 1686 na 1710 na ambalo sasa limo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Kimo chake ni kama sentimita 255, nje limevikwa gamba la ng'amba, na gharama zake zinakadiriwa kuwa gulden 20,000 hadi 30,000, fedha ambazo wakati ule zilitosha kununua nyumba ya kweli kando ya mifereji ya mji huo.

Najua utaita huo ubadhirifu, na sitakubishia sana. Lakini zitazame kazi zenyewe: vyombo vya kaure viliagizwa kutoka China, vidogo hivyo hivyo, vikapu vimesukwa, havikuchongwa vikafanana na vikapu, na kuta zilichorwa na wachoraji wa kweli, akiwamo Nicolaes Piemont. Ndani yake mna majiko mawili, moja la kupikia na jingine la kupangia kaure nzuri zisizoguswa, jambo ambalo wewe, mwenye kabati la vikombe ambavyo hata mjomba hajawahi kunywea chai, huna haki ya kulicheka. Juu kabisa, karibu na paa, kuna chumba cha nguo za kufuliwa, na hapo ndipo ninapokawia, kwa sababu shuka zake zimekunjwa na kupangwa kwa nidhamu ile ile unayotudai sisi kila sikukuu.

Wanasesere wenyewe, kwa bahati mbaya, karibu wote wamepotea. Tunajua walivyokaa vyumbani kutokana na picha ambayo Jacob Appel aliichora mwaka 1710, kabati likiwa bado na wanasesere wake.

Ndiyo maana moyo wangu huegemea zaidi kabati jingine lililo katika makumbusho hayo hayo, la Petronella Dunois, la mnamo 1676. Ni dogo kuliko lile na halina fahari kama yake, ila wanasesere wake wangali mahali pao, wamevaa mavazi ya enzi zao, na chumba cha mzazi kimeandaliwa kwa ajili ya wageni wanaokuja kumpongeza. Anayetaka kujua mama wa Kiholanzi aliyejifungua wakati ule alipokewaje nyumbani, hapo ataona mengi.

Makumbusho hayo yameweka picha za makabati yote mawili kwenye intaneti, na mtu anaweza kuzikuza mpaka akaona mapambo ya kitambaa. Mwombe binti yako akufungulie kwenye simu, uvae miwani, kisha uniambie kama fundi wa vitambaa vya kabati la Dunois alijua kudarizi au alibahatisha. Katika hilo hukumu yako naikubali bila ubishi.

Mwanao akupendaye.