Kwa vijana wa salongo: ng'oeni lile ua, mwacheni yule ndege

Wajukuu zangu wa Ibanda, hapa Bukavu,

Nimeiona salongo yenu ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Mtaro umezibuka, maji yanapita, na hakuna aliyewalipa. Asanteni sana. Ila mna mipango miwili inayoninyima usingizi: kupanda wigo wa maua meupe ya tarumbeta kando ya njia ya shule, na kufyeka matete ya ghuba yetu ya Ziwa Kivu ili pawe pasafi.

Ua hilo nalijua kwa uchungu. Mjukuu wangu wa miaka sita alilinyonya kitakoni akitafuta utamu. Jioni ngozi ikamwaka moto, mdomo ukakauka, mboni zikatanuka hadi rangi ya jicho ikapotea, akawa anafukuza sisimizi ukutani ambapo sisi hatukuona kitu. Alilazwa hospitalini, akapona, namshukuru Mungu. Majani, mbegu, utomvu, vyote vina sumu za atropini na skopolamini. Daktari huitumia atropini kwa kipimo, kupanua mboni ya jicho au kuuharakisha moyo unaopiga polepole mno. Ua halina kipimo: mti wa kwako unaweza kuwa mkali kuliko wa jirani. Ni ndugu wa nyanya na tumbaku, kwao ni Amerika Kusini, na huko kwao porini limekwisha toweka. Linaishi kwa sababu watu tunakata vijiti na kuvichomeka.

Sasa huyo ndege wa ghubani mnayemrushia mawe. Ni sile-maua. Nilimzoea nikiwa mwalimu kijana kwenye uwanda wa Ruzizi: mwili wa hudhurungi, paji la buluu, na vidole virefu ajabu vinavyomwezesha kutembea juu ya majani ya yungiyungi asizame. Jike huwa na madume kadhaa, akishataga huondoka. Dume ndiye anayelalia mayai, kwa kawaida manne, na ndiye anayelea. Hatari ikikaribia huwakumbatia vifaranga chini ya mbawa akatembea nao, miguu yao ikining'inia, utadhani ndege mmoja ana miguu kumi. Kifaranga aliyeachwa nyuma hujizamisha majini, akabakiza ncha ya mdomo tu. Nimekaa saa nzima nikimtazama baba wa namna hiyo, nami wakati huo nilikuwa baba mchanga.

Huyu hana sumu, hula wadudu. Lakini hakuna atakayekata kijiti cha sile-maua akakichomeka kiote. Matete na majani yanayoelea yakiondoka, naye ameondoka.

Kama mnataka wigo wenye maua, pandeni hibiskasi.

Jumamosi nitashuka na glavu zangu za mpira. Tuanze na ule mti wa langoni mwa shule. Asiyekuwa na glavu asisugue macho. Matawi msiyachome, tutayafukia kwa kina, mbali na mbuzi wa watu.

Babu yenu, mwalimu mstaafu