Kwa Atupele, kuhusu ndege ya Songwe

Mbeya, Jumapili jioni

Atupele rafiki yangu,

Ugonile. Kwa kuwa utaruka kutoka uwanja wa Songwe hadi Dar, ndipo upande ndege ya kwenda nje ya nchi, umeuliza mbona umekuta tarakimu tatu za umbali wa Songwe hadi Dar: 690, 429 na 373. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni kilomita, ya pili maili za kawaida, ya tatu maili za baharini wanazotumia marubani, kila moja mita 1,852. Huo ni mstari ulionyooka. Barabara inazungukia Makambako, Iringa na Morogoro, ndiyo maana basi linapita kilomita 800.

Ila usigawanye 690 kwa mwendo wa ndege ukadhani hesabu imeisha. Jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu inakimbia kama kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo utapata dakika 50. Tiketi itakuandikia saa moja na dakika 20 hivi, kwa kuwa muda wake huanza ndege inapotoka kwenye maegesho ya Songwe hadi inaposimama kwenye maegesho ya Dar. Humo mna kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka taratibu, na kusubiri zamu ya kutua. Ile ya pangaboi, Dash 8 ya viti 76, iongezee dakika 10 hadi 20.

Soma saa za tiketi kwa makini. 06:10 ni saa 12 na dakika 10 alfajiri, wala si saa sita. 14:35 ni saa 8 na dakika 35 mchana. Watu wanaachwa na ndege kwa hili tu.

Hatari kubwa kwako ni ukungu wa Songwe. Rubani asipoiona njia ya kutua anazunguka kidogo, kisha anageuza kurudi alikotoka. Na ndege isipofika Songwe, wewe hutoki. Kwa kuwa safari yako ya nje ya nchi ina tiketi yake ya peke yake, ukichelewa hakuna atakayekusubiri wala kukubadilishia bure. Lala Dar usiku mmoja. Ukikataa kulala, basi acha walau masaa sita katikati, maana pale uwanja wa Dar utachukua mizigo jengo la pili la abiria, utoke nje, ndipo uende jengo la tatu kuanza upya.

Kutoka Tukuyu, barabara ndiyo itakayokula muda kuliko anga. Isyonje nako kuna ukungu wake, halafu kuanzia Uyole unakata jiji zima: Mwanjelwa, Mafiati, hadi Mbalizi, ukiwa nyuma ya malori ya Tunduma. Lori likikwama mteremko wa Iwambi, hakuna pa kupenya. Ondoka masaa matano kabla ya ndege. Ukiwahi, utakunywa chai. Na uwanja usikuchanganye: unaitwa Songwe lakini uko Mkoa wa Mbeya, na kwenye tiketi utauona kama MBI.

Mizigo ipime nyumbani. Kama tiketi inakupa kilo 23, mchele wa Kyela kilo 20 unakuachia kilo tatu za nguo. Najua utaubeba tu.

Nitumie tarehe kabla hujalipa, tuangalie pamoja kama kuna ndege ya mchana siku hiyo.

Wako,
Neema