Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Mheshimiwa Mlezi, wazee wetu, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wa matawi ya Dar es Salaam, Mbeya na Njombe: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, asalaam aleikum.

Mambo ya kawaida mnayajua, nitayapitia haraka. Vikao vya Kamati vilifanyika. Tulifiwa, tukazikana. Kaya 15 za wazee wasio na wa kuwalipia tulizikatia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kama mlivyoagiza. Kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba, mikutano ya kijiji ilisimama, nasi tukasimama nayo.

Sasa nije kwenye nyumba ya mtumishi.

Nafahamu kwamba mchango ule uliitwa wa boti, ya kubebea wagonjwa ziwani. Kwenye kundi letu la WhatsApp boti ilishanunuliwa, ikapakwa rangi na kupewa jina kabla mhazini hajapokea shilingi. Kamati ikajenga nyumba ya muuguzi wa zahanati ya kijijini kwetu. Tangu siku hiyo nimeitwa mengi, na wanaopaza sauti zaidi ni wale ambao majina yao hayamo kwenye kitabu cha mchango. Katiba inaipa Kamati mamlaka ya kubadili matumizi panapokuwa na sababu ya msingi. Sababu zilikuwepo, na mimi ndiye niliyeshuka kwetu, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, kuziona. Waliokuwa wanaandika walikuwa mjini.

Zahanati yetu ina jengo, ina kitanda cha kujifungulia, na dawa za malaria huwa zinafika. Kilichokuwa hakikai ni mtu. Muuguzi anapangiwa kituo, anafika, anawekwa kwenye chumba cha kuazima kinachovuja, anavumilia masika moja, anaomba uhamisho. Wa mwisho aliondoka na kufuli likabaki mlangoni. Mwambao wetu hauna barabara ya kueleweka: mbele ziwa, nyuma safu ya Livingstone, na mgonjwa anapandishwa mlimani kwa machela. Ukimleta binti wa watu huku bila hata choo chake, usimlaumu akiondoka.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa saa mbili boti yenu ingekuwa imefika wapi? Na ikiwa ni wakati wa upepo wa mwera, Ziwa Nyasa likichafuka, nani angethubutu kuitia majini? Huyo mama anahitaji mkunga aliye jirani, mwenye sindano ya kukaza kizazi, anayeamka akigongewa usiku. Hata mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure ukatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii, unataka mtu anayejua kupima hali ya mgonjwa na kusema apelekwe wapi. Zahanati ikiwa imefungwa, anapiga nani?

Boti nayo inakula. Petroli kwa madumu, nahodha wa kulipwa, ukaguzi, maboya ya kuvaa, injini ikigoma fundi atoke Kyela. Nilimuuliza kila aliyenitukana: nani atalipa mafuta ya mwezi wa tatu? Sijajibiwa mpaka leo.

Kuhusu mabati. Yamesemwa maneno kwamba nilinunua kwa shemeji. Duka ni la mtu ninayefahamiana naye, sijaficha, na bei zake zilikuwa chini ya maduka mengine mawili tuliyoulizia. Risiti ziko kwa mhazini. Saruji ilipakiwa melini Kyela na mimi mwenyewe nilikuwepo ikihesabiwa, kwa nauli yangu, ambayo sijaidai chama na wala sitaidai. Mawe na mchanga ni nguvu za wananchi, hasa akina mama, ambao hawakuwahi kuuliza boti iko wapi. Nyumba imeezekwa. Bado plasta ya ndani, dari na choo. Muuguzi mpya amesharipoti, na anaishi kwenye chumba kimoja kilichokwisha kukamilika.

Hesabu kwa jumla: tulianza na salio la 1,415,000. Ada 2,160,000, viingilio 200,000, mchango wa boti, yaani wa nyumba, 5,350,000. Jumla 9,125,000. Ujenzi 7,280,000, rambirambi 700,000, CHF 450,000, uendeshaji 310,000. Baki 385,000. Mwenye swali ampate mhazini, asiandike kundini saa tano usiku.

Ndugu wanachama, tuko 118 kwenye daftari. Waliolipa ada ya mwaka mzima, yaani 5,000 kwa mwezi, ni 36. Mkutano wa Juni tuliuahirisha kwa kukosa akidi, na wa Agosti tuliufanya baada ya kuwapigia watu simu mmoja mmoja kama tunaoalika harusi. Mwanachama akifiwa, siku hiyo hiyo anakumbuka kuwa yeye ni mwanachama na anauliza rambirambi imechelewa kwa nini. Kuna waheshimiwa humu, sitawataja, wanadaiwa tangu kabla sijachaguliwa, na ndio wa kwanza kudai ukaguzi wa hesabu. Ukaguzi nauafiki. Waanze na kulipa, ili pawe na cha kukagua.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tumalize nyumba. Tunatumaini pia kuzungumza na halmashauri ili tupate mtumishi wa pili na friji ya sola ya chanjo, na kuangalia Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, itatufikiaje kule. Suala la boti halijafutwa. Litaletwa tena hali ikiruhusu, likiwa na bajeti ya mafuta.

Naishukuru Kamati kwa kunivumilia. Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti