Duka mmemwachia nani? Barua ya wazi kwa vijana matajiri mnaoitaka Ikulu

Wanangu,

Juzi nilikaa ukumbini nikamsikiliza mwenzenu mmoja, kijana wa mali nyingi, akitangaza nia. Akasema, "Nitaiendesha nchi kama ninavyoendesha kampuni yangu." Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mimi magoti yananisumbua, lakini hata yangekuwa mazima nisingesimama.

Sina kinyongo na mali zenu. Mmezihangaikia, na mtu aliyewahi kutafuta mishahara ya wafanyakazi mwisho wa mwezi huku benki imemnyima mkopo anajua jambo ambalo mwanasiasa wa kuzaliwa halijui. Ila sijamsikia hata mmoja wenu akisema duka, yaani biashara zake, atamwachia nani.

Mimi nilishika vitabu vya hesabu vya tajiri mmoja kwa miaka mingi. Alipoingia siasa, stakabadhi za mabango ya kampeni ziliwekwa mezani kwangu niziandike kuwa ni matengenezo ya malori. Nikaziandika. Mkono wangu, kalamu yangu. Alipopata cheo, zabuni zikaanza kutufuata zenyewe, na washindani wetu wa jana wakaja wakitabasamu, wanataka ubia. "Siibi mimi," alikuwa akiniambia, "wananiletea wenyewe." Ndivyo inavyoanza.

Mtazameni Marc Ravalomanana wa Madagaska. Alianza kwa kusambaza mtindi kwa baiskeli, akaijenga Tiko, kampuni ya maziwa na vyakula, akawa meya wa Antananarivo mwaka 1999, na 2002 akawa rais. Nani asingempenda mtu wa namna hiyo? Lakini Tiko ikabaki yake na ikazidi kunenepa, hadi raia hajui tena kampuni inaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Mwaka 2008 zikavuma habari za kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini kutaka kukodi hekta milioni 1.3 za ardhi kwa miaka 99, na za ndege ya rais ya dola milioni 60. Januari 2009 umati wenye hasira haukuishia kwenye redio ya taifa. Ulikwenda hadi kwenye maghala ya Tiko, ukapora, ukachoma. Machi akaachia madaraka. Baiskeli, maghala, urais, vyote vilikuwa fungu moja, vikaanguka pamoja.

Wala kuandikisha hisa kwa jina la mwingine si dawa. Tajiri Thaksin Shinawatra wa Thailand alishtakiwa kwa kuficha mali, hisa zikiwa kwa majina ya watu kama mtumishi wake wa ndani na dereva. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ikamwachia kwa kura 8 dhidi ya 7. Januari 2006, akiwa waziri mkuu, familia yake ikauza hisa zake za Shin Corp, kampuni yao ya mawasiliano, kwa Temasek, shirika la uwekezaji la serikali ya Singapore, baht bilioni 73 hivi, bila kulipa kodi. Watu wakafurika barabarani, na Septemba jeshi likampindua. Siwatetei wenye bunduki, lakini kisingizio aliwakabidhi yeye mwenyewe.

Mengine kwa ufupi. Msinunue chama, maana kilichouzwa mara moja huuzwa tena. Tafuteni mtu wa kuwaambia hapana, na asiwe kwenye orodha yenu ya mishahara. Na msidhani fedha ni ngao: tajiri Moshood Abiola wa Nigeria aliongoza kura za urais za Juni 1993, uchaguzi ukafutwa, akafia kizuizini mwaka 1998.

Na sisi wapiga kura tusijifanye malaika. Asubuhi tunadai bahasha, jioni tunauliza mbona wagombea wote ni matajiri. Ukumbini mle mle nilimwona mzee wa rika langu akihesabu noti chini ya meza huku akiitikia nyimbo za mgombea. Nikamwonea haya, kisha nikazikumbuka zile stakabadhi za malori.

Mkutano ujao nitawahi nipate kiti cha mbele. Swali langu ni moja tu, duka umemwachia nani. Ukinijibu "mke wangu", kipaza sauti sikirudishi.