Homa haisikii dawa na bandama ulishatolewa? Soma hapa kabla hujameza vidonge vingine

Wateja wetu wa Mbeya, hasa nyie ambao kila homa mnaibatiza UTI au taifodi, leo tuongelee kitu adimu kweli, bakteria ndugu wa kifaduro wanaoingia kwenye damu, labda hutakaa ukione, ila kikikupata kinakuzungusha maduka ya dawa mpaka hela inaisha.

Kifaduro kila mama anakijua, ndo kile mtoto anachanjwa wiki ya 6, 10 na 14. Bakteria wake, Bordetella pertussis, anang'ang'ania njia ya hewa, kwenye damu haingii kirahisi. Shida ni ndugu zake. Yupo Bordetella holmesii, kapewa jina mwaka 1995, huyo damu ndo anaipenda na chanjo ya kifaduro haimzuii ipasavyo. Kuna na wa kwenye mbwa, sungura na nguruwe, mwingine wa kuku, hao kumwingia mtu mwenye kinga nzuri ni nadra sana so msianze kuuza nguruwe jamani.

Holmesii anawapata zaidi watu wasio na bandama au ambao bandama yao imechoka: waliopasuliwa ikatolewa baada ya ajali ya bodaboda, na wenye selimundu. Bandama ndo chujio la bakteria kwenye damu. Mtu anapata homa, anatetemeka, mwili hauna nguvu, na mara nyingi hata hakohoi, sasa nani atawaza ndugu wa kifaduro?

Hapo ndo tunapoingia sisi watu wa maabara na kipimo cha kuotesha damu, wengine wanaita kalcha. Tunasugua ngozi na spiriti tunaacha ikauke (usiipulize tafadhali, na usiguse tena), tunavuta damu mkono huu na mkono ule, mtu mzima kila chupa inaingia mililita 8 mpaka 10, ni nyingi kuliko ya malaria najua mnalalamika ila bakteria wanaweza kuwa wachache mno humo. Chupa zinakaa kwenye joto la mwili siku 5, na huyu jamaa ni mvivu kuota, akiota sahani ya kuoteshea inageuka kahawia. Kumtaja jina kamili tunapeleka maabara kubwa.

Ombi moja kubwa: njoo KABLA ya antibayotiki. Ukishachomwa seftriaksoni mbili tatu mtaani chupa inaweza kutoa jibu la uongo kwamba hakuna bakteria, na kwa holmesii sindano hiyo wala si ya kutegemea, kwa hiyo umepoteza vyote viwili. Ila kama huna bandama na homa imepanda, usisubiri maabara yetu ifunguliwe, nenda hospitali muda huohuo hata usiku, waambie mlangoni kabisa kwamba bandama ilitolewa, damu wachukue wao na dawa waanze palepale.

Wa Tukuyu na Chunya mnaotuma sampuli na basi, chupa za kalcha msiziweke kwenye friji wala barafu, na mwandike saa iliyotolewa damu.