Treni ishuke Bonde la Ufa mchana, isimame tuone

Mhariri,

Nimefanya kazi ya dobi kwa meli za watalii miaka sita kabla nirudi Nairobi, na karibu kila msimu wa joto tulikuwa tunaingia Norway kwa zile fiodi zao, yaani bahari imeingia katikati ya milima mirefu mpaka unashangaa maji ya chumvi yamefikaje huko ndani. Kubwa kuliko zote ni Sognefjord, ina zaidi ya kilomita 200. Kwa tawi lake moja kuna kijiji kidogo kinaitwa Flåm, meli inafunga hapo na watalii wanakimbilia kitu kimoja tu, treni.

Mimi nilikuwa naisikia tu wengine wakiisimulia, niko chini nakunja mashuka. Msimu wa mwisho nikapewa nusu siku nikakata tiketi. Stesheni iko hatua chache toka pale meli imefunga. Reli yenyewe ni kilomita 20, kama kutoka tauni mpaka Kikuyu hivi, lakini ndani ya hizo 20 inapanda mita 866 na haina meno katikati kama treni zingine za milimani, ni magurudumu na chuma tu. Kuna mahali kila mita 18 ukienda umepanda mita moja nzima. Mahandaki ni 20, na 18 yalichimbwa kwa mkono, lingine linapinda humo humo ndani ya mlima, unaingia mkielekea huku mnatoka mkielekea kule. Kazi ilianza miaka ya 1920, treni zikaanza kupita 1940.

Sasa marehemu baba alikuwa fundi wa breki za treni hapa Nairobi, tumelelewa Muthurwa kwa nyumba za reli, kwa hivyo wengine wakipiga picha mimi nilikuwa nasikiliza breki. Kupanda haizidi kilomita 40 kwa saa, kushuka haizidi 30, na nilielewa mara moja maanake baba alikuwa anatuambia kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi yake yeye.

Halafu karibu tufike juu treni ikasimama mahali panaitwa Kjosfossen. Hakuna mtu anaishi hapo, ni maporomoko ya maji. Milango ikafunguliwa tukashuka wote, maji yananguruma hata mwenzako humsikii, baridi inakupiga uso, mama mmoja mzee kando yangu akavua miwani akaipangusa na skafu akavaa, ikalowa tena, akapangusa tena, mwishowe akaitia mfukoni akaangalia hivyo hivyo. Dakika kama tano. Filimbi ikalia tukarudi ndani. Hizo dakika tano ndizo nakumbuka kuliko safari yote.

Na sisi tuko na nini? Sisi tuko na Bonde la Ufa! Reli ilifika Nairobi 1899, wajenzi wakafika ukingoni kule Kikuyu wakaona mteremko haushukiki, ikabidi kwanza wateremshe mabehewa kwa kamba za chuma huku njia ya kudumu inajengwa, na 1901 wakafika Kisumu. Hiyo si hadithi ndogo. Na ukishapita Limuru miti inaachana ghafla unauona mlima Longonot umekaa kule chini, mimi nimezunguka bahari nyingi na sijaona kitu cha kushinda hapo. (Nazungumzia reli ya zamani, SGR, ile reli mpya, yenyewe inapita ndani ya handaki pale Ngong.)

Lakini mara ya mwisho nilipopanda treni ya kwenda magharibi tuliondoka jioni, ukingo tukaushuka giza totoro. Watoto wa dada yangu walikuwa wamebandika pua kwa dirisha toka Kikuyu, wanaona nyuso zao tu kwa kioo. Yule mdogo akaniuliza, anko, bonde liko wapi? Nikamwambia liko hapo hapo nje. Hakuniamini, akalala amekasirika.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi moja moja iwekwe treni ya mchana, Nairobi mpaka Naivasha na kurudi, iende polepole, na pale bonde linafunguka isimame dakika tano watu washuke. Wekeni jukwaa lenye reli ya kushikilia, mtoto asiteleze. Wale mama wa Limuru waruhusiwe kuuza plamu, peasi na mahindi choma hapo, kama vile watu wanauza ngozi za kondoo kule barabarani magari yanaposimama kuangalia bonde. Watalii watakuja, sawa, lakini bei iwe ya mtu wa Kayole na watoto wake watatu. Mimi nitakuwa wa kwanza kwa foleni, na huyo mdogo nitamkalisha dirishani, upande wa Longonot.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi