Ami, usichague kundi kwa jina, chagua kwa vyombo

Milwaukee, Wisconsin

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu zangu zimfikie Mama Mdogo, watoto, majirani na wana klabu wote wa taarab. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Umeniandikia kwamba viza imetoka na tikiti ni ya Agosti, na umeniuliza: kwenye hilo tamasha la muziki wa Ireland makundi ni chungu nzima, uanze na lipi? Nakujibu kwa urefu, kwa sababu mgeni asiyejua huvutwa na jukwaa lenye spika kubwa kuliko yote, na kwa mpiga fidla kama wewe hiyo itakuwa hasara.

Milwaukee Irish Fest ilianza 1981. Hufanyika wikendi ya tatu ya Agosti, kuanzia Alhamisi jioni mpaka Jumapili usiku, katika uwanja wa Henry Maier, ukingoni kabisa mwa Ziwa Michigan. Majukwaa ni mengi na yanapigwa kwa wakati mmoja, hivyo ukikaa kwenye moja umeshayakosa mengine. Orodha ya makundi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo majina ya kukariri hayatakusaidia sana. Ukiipata orodha, soma kwanza vyombo wanavyopiga, halafu ndiyo usome jina.

Ukiona fidla, filimbi ya mbao, zumari ya mfuko, kodiani ya vifungo au konsatina (kodiani ndogo), na nyuma yake gita au buzuki (chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu), bila dramu, hapo ndipo pako. Huo ndio muziki wa asili wa kuchezewa. Kundi la Altan, kutoka Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, liko hivyo tangu 1987, na kiongozi wake Mairéad Ní Mhaonaigh anapiga fidla na kuimba kwa Kigaelic, lugha ya asili ya Ireland. Dervish wanatoka Sligo, hukohuko Ireland. Lúnasa wana besi kubwa ya kusimama, na hiyo ndiyo inayoupa muziki wao msukumo wake; wengi wanaowaiga husahau kwamba siri iko chini, kwenye besi. Cherish the Ladies ni kundi la wanawake lililoanzishwa New York mwaka 1985, likiongozwa na Joanie Madden, mpiga filimbi. Wote hao wamewahi kupiga hapa. Ukikuta mojawapo kwenye orodha, nenda mapema ukae mbele. Kwa Altan, mtazame mkono wa upinde: fidla ya Donegal hupigwa kwa mapigo mafupi ya upinde, karibu kila noti na pigo lake. Akija mpigaji wa Clare, magharibi mwa Ireland, utaona upinde unateleza juu ya noti kadhaa kwa mkupuo mmoja, na mwendo wenyewe ni wa taratibu zaidi.

Ukiona gita, banjo na sauti nne za kiume, hao ni waimbaji wa baladi, yaani nyimbo za kusimulia, kama The High Kings wa Dublin, waliorithi njia ya kundi la zamani la The Dubliners. Hapo uwanja mzima huitikia. Ni pazuri, ila utamu wake uko kwenye maneno, na maneno ni ya Kiingereza. Tazama banjo tu: ina nyuzi nne, imetyuniwa kama fidla yako, oktava moja chini. Asili ya chombo hicho ni Afrika ya Magharibi, kililetwa Marekani na watu waliouzwa utumwani, kisha kikavuka bahari mpaka Ireland.

Ukiona dramu na gita la besi la umeme, ni roki ya Kiselti: Gaelic Storm, au Skerryvore kutoka Scotland. Hawa hupewa saa za usiku na majukwaa makubwa. Fidla yao inapita kwenye umeme na hupoteza nusu ya sauti yake ya mbao. Ukiwasikiliza, usikae mbele. Simama karibu na meza ya kuchanganyia sauti, kwa sababu kila kitu kimepangwa kwa masikio ya aliyekaa pale.

Bendi za zumari za Scotland utazisikia kabla ya kuziona. Noti zake ni tisa tu, na sauti yake imepanda kiasi kwamba haiwezi kukaa pamoja na fidla. Zisikilize kwa mbali, zikitembea.

Sasa muundo, maana usipoujua kila kitu kitakuwa kimoja masikioni. Lahani ya kawaida ina sehemu mbili, kila moja vipimo 8, na kila sehemu hupigwa mara mbili, jumla vipimo 32. Rili na jigi ni aina za lahani za dansi: rili hupigwa kwa hesabu ya nne, jigi kwa sita, na kuna jigi ya tisa ambayo sisi tuliokulia kwenye ngoma hatupati tabu nayo. Mzunguko mmoja wa rili kwa mwendo wa jukwaani ni kama sekunde 35. Lahani hupigwa mara tatu, kisha kundi linaruka moja kwa moja kwenye lahani ya pili, halafu ya tatu, bila kusimama. Seti moja ni kama dakika tano.

Hapo kwenye kuruka ndipo unapolijua kundi. Seti nzuri hubadilisha ufunguo, yaani noti ambayo lahani hurudi kutulia, kwenye lahani mpya, mara nyingi kwenda juu, kutoka Sol kwenda Re au kutoka Mi ndogo kwenda La, na wewe unaisikia kama taa imewashwa. Ishara hutolewa katika vipimo vinne vya mwisho: kiongozi huinua kichwa au mguu, au hupaza sauti fupi. Kundi lisilozoeana huchelewa hapo. Mpiga gita anabaki kwenye ufunguo wa zamani kwa pigo moja, na pigo moja latosha kuharibu. Kosa la pili ni mwendo kukimbia. Rili ikianza kwa mapigo 112 kwa dakika na ikamaliza kwa 125, noti za mapambo hazina tena nafasi. Pambo kuu lao huitwa roli: noti yenyewe, ya juu yake, yenyewe tena, ya chini yake, kisha yenyewe, tano ndani ya muda wa tatu. Mwendo ukizidi, hizo tano zinageuka mkwaruzo.

Jambo moja litakufurahisha. Kwa asili muziki huu hauna sauti nyingi zinazoachana. Wote hushika lahani ileile, kila mtu na mapambo yake, kama safu ya fidla katika taarab. Kupanga nani aingie na nani anyamaze kulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mtunzi wa Ireland Seán Ó Riada, na kundi la The Chieftains, walioanza 1962 chini ya mpiga zumari Paddy Moloney, wakakusambaza duniani. Buzuki nayo iliingia miaka hiyo hiyo kutoka Ugiriki. Kwa hiyo gita na buzuki unazoziona ni wageni, na kundi linalojiheshimu huziweka chini kidogo ya lahani. Ukisikia gita zaidi ya fidla, ama fundi wa sauti amekosea, ama kundi lenyewe halijui lilichonacho.

Chombo kinachotawala jukwaa ni zumari ya mfuko ya Ireland. Mpigaji hapulizi kwa mdomo. Ana mvuo chini ya kiwiko cha kulia unaojaza hewa kwenye mfuko ulio chini ya mkono wa kushoto. Bomba moja ni la vidole, lenye oktava mbili; matatu yanavuma noti ya Re muda wote; matatu mengine yana vifungo vinavyobonyezwa kwa kifundo cha mkono ili kutoa mlio wa pamoja. Mabomba saba, na kila moja na ulimi wake wa mwanzi. Anapiga amekaa, bomba la vidole likizibwa juu ya paja, na kiti chake hakitakiwi kuwa na mikono, kwa sababu viwiko vyote viwili vinafanya kazi. Akipewa kiti chenye mikono, hapigi kabisa. Maikrofoni zake ni mbili, moja kama sentimita 30 kutoka gotini, ikilenga katikati ya bomba la vidole kwa kuwa sauti hutoka kwenye matundu yote, na nyingine upande wa kulia kwa yale yanayovuma.

Hali ya hewa ndiyo adui wake. Mwanzi uliochongwa kwenye unyevu wa Ireland, ukiletwa kwenye ukavu wa viyoyozi vya Marekani, hubadilika: Re ya chini inakoroma, Re ya juu inazama. Ndiyo maana utamwona mpigaji kabla ya kupanda anasogeza kwa ncha ya vidole kile kipete cha waya wa shaba kilichobana ulimi, robo milimita huku na kule. Usimsemeshe wakati huo.

Joto la mchana lina hesabu yake, nayo inakuhusu. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi, sauti husafiri haraka zaidi, na zumari hupanda karibu theluthi ya nusu toni. Filimbi ya mbao nayo hupanda, ila si sana kama zumari, kwa sababu pumzi ya mpigaji imeshaipasha moto. Uzi wa fidla hufanya kinyume, hutanuka ukashuka. Kodiani na konsatina, zenye ndimi za chuma, hazisogei sana. Basi saa nane mchana kwenye jukwaa linalopigwa jua, vyombo vitatu vinavutana pande tatu. Dawa ni utaratibu: kodiani haityuniwi, kwa hiyo ndiyo kipimo, kama haipo, kipimo ni zumari. Filimbi inapashwa moto kwa kupigwa dakika chache, kisha kiungo chake kinavutwa nje. Fidla inatyuniwa mwisho, jukwaani penyewe, siyo kivulini nyuma ya pazia. Jioni hewa inapoa na mambo yanageuka. Kwa hiyo kundi lilelile ukilisikia mchana halijatulia, jaribu tena usiku kabla ya kulihukumu.

Bodhrán ni dufu kubwa la ngozi ya mbuzi, linapigwa kwa kijiti kimoja, mkono wa pili ukikandamiza ngozi kwa ndani kubadili sauti. Kwetu ngoma huota moto ili ikaze. Huku juani ngozi hukaza kupita kiasi, na mpigaji hupaka maji kidogo kwa ndani kuilegeza. Sauti yake ya chini hugongana na besi, na ikiongezwa ovyo spika zinaanza kuvuma zenyewe.

Ukiuliza kwa nini kundi linaanza kwa kusitasita, jibu ni muda. Kati ya kundi na kundi kuna kama nusu saa. Kundi la watu sita au saba linaweza kutaka laini 12 za kuingiza sauti kwenye mitambo: fidla moja, filimbi moja, zumari mbili, kodiani mbili, gita, besi, bodhrán, na tatu za waimbaji. Hapo hakuna nafasi ya kupiga wimbo mzima kwa majaribio. Kila laini husikilizwa peke yake na mizani hupatikana kundi likiwa tayari linapiga. Wapigaji wazoefu hulijua hilo, hufungua kwa seti ya jigi isiyo na wimbo wa kuimba, ili fundi apate dakika tano za kuweka sawa. Usilihukumu kundi kwa seti ya kwanza.

Wanapopanda wacheza dansi wenye viatu vigumu, tazama sakafu. Wanataka mbao zenye kudunda kidogo, na maikrofoni bapa zimelazwa chini kunasa miguu. Miguu hiyo ni chombo, na kundi zuri hupunguza bodhrán ili isikike.

Mwisho, sesheni. Pembeni mwa majukwaa wanamuziki hukaa duara na kupiga bila maikrofoni, na mgeni anaruhusiwa. Adabu yake ni hii: kaa duara la nje, sikiliza seti mbili tatu, usipige lahani usiyoijua hata kwa sauti ndogo, na usianzishe mpaka uambiwe uanzishe. Dufu moja latosha, gita moja latosha. Ukiambiwa upige chako, piga bashraf fupi (ile lahani ya ala ya kufungulia taarab) katika Re. Watakufuata wakishaisikia mara mbili. Nyingi za lahani zao ziko kwenye Re na Sol, kwa hiyo zoezi la kufanya kuanzia sasa ni noti nane za Re juu ya nyuzi zote nne, upinde mfupi, noti moja pigo moja.

Jumapili usiku, baada ya makundi yote, wapigaji wa makundi mbalimbali hupanda jukwaa moja kufunga tamasha. Usipange kuondoka mapema siku hiyo.

Fidla ije nawe ndani ya ndege, siyo kwenye mizigo ya chini. Legeza upinde kabisa, nyuzi zilegeze kidogo tu usije ukaangusha daraja. Ile dawa ya kupaka upinde nitakununulia huku. Niandikie namba ya ndege na saa ya kufika.

Wasalaam,
Mwanao